Mabega Yasiyouma

Mkono wa kulia wa Navoneiwa ulifika usawa wa kifua, ukagoma hapo hapo. Akajaribu tena, akikaza meno kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua, nao ukagoma tena. Kisha akacheka.

"Umeona vituko, wifi? Leo asubuhi nimeshindwa kuepua sufuria ya makande. Nikamwita mama mkwe anisaidie, akaniuliza kama nimeolewa jana."

"Unauma?"

"Hata kidogo. Ungekuwa unauma ningekuja mapema."

Nakiete Mrutu, muuguzi pekee wa zahanati ya Mangoto, hakucheka. Miaka kumi na minane kazini ilimzoesha wagonjwa wanaolia, wanaotukana, hata wanaomrushia sindano. Huyu aliyekaa mbele yake akitabasamu huku mkono haupandi alimtia hofu.

Alimvua kitenge begani. Chini ya ngozi, karibu na shingo, kila upande, kulikuwa na kidude cha duara kisichozidi kifungo cha koti. Watu wa mlimani walikiita kituliza. Kilijaa dawa ya ganzi, na taa yake ndogo ilipenya ngozi: kijani kikiwa kimepumzika, njano kikiwa kinadondosha dawa. Muda huo taa zote mbili zilikuwa za kijani. Nakiete alivifahamu vizuri, maana wiki tano zilizopita ni yeye aliyevipachika kwa wanawake sitini na wanne, mabega mawili kila mmoja, na kila mmoja alimwambia, "Utafanya kazi usisikie kitu."

Na kweli hawakusikia kitu. Ukuta wa ndiva, lile bwawa la kijiji juu ya bonde, ulibomoka vuli iliyopita, na droni za wilaya zilileta sementi lakini mawe hazikuyaweza. Mawe yalitoka machimboni kwa matenga ya mgongoni, njia ya mbuzi, kupanda tu. Wanaume wengi walikuwa tambarare kwenye mashamba ya umeme wa jua, Kallaghe, mdogo wake Nakiete na mume wa Navoneiwa, akiwa mmojawapo, hivyo pembe ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ilipolia na kila nyumba ikatakiwa kutoa mtu, nyumba nyingi zilimtoa mama.

Nakiete alibandika kipima misuli kwenye bega la kulia. Kidude hicho kilipeleka umeme kidogo, na msuli ulio hai ulipaswa kuruka. Ulitikisika kwa mbali, ukatulia. Akahamia kushoto. Wa kushoto ukaruka vizuri, mpaka Navoneiwa akashtuka.

"Wa kushoto unaruka," Nakiete alisema, na pumzi ikamtoka. "Mkojo wako una rangi gani siku hizi?"

"Wifi! Mbele ya mtoto?"

Mtoto mwenyewe, Mbonea, miezi kumi, alikuwa sakafuni anatafuna boksi la bandeji. Meno yalikuwa yanamwota na alikuwa ametangaza vita na kila kitu.

"Rangi gani?"

Navoneiwa aliacha kucheka. "Kama chai ya rangi. Nikadhani ni maji kuwa machache."

Nakiete, aliyejua kwamba msuli unaokufa hutia mkojo rangi hiyo, alichukua kishikwambi chake akatoka barazani. Injinia Lwitiko wa kampuni ya vituliza alipokea akiwa anakula, akaomba radhi, akaendelea kula.

"Sista, shikamoo. Za mlimani?"

"Marahaba. Nina mama ambaye msuli wa bega unakufa."

Kutafuna kukakoma.

"Nitumie kumbukumbu za kituliza chake," Lwitiko alisema. Akazisoma kimya, na Nakiete akamwona uso ukibadilika kwenye kioo. "Hapana. Hapa pana hitilafu. Hiki kimepumzika saa nne kwa siku. Kinatakiwa kupumzika kumi na sita."

"Kwa nini kumi na sita?"

"Sista, dawa ya ganzi haikai bure kwenye nyama. Inaua nyuzi za msuli. Hilo si siri, na si la dawa yetu tu. Ila nyuzi zinaota upya, kwa sababu pembeni yake kuna chembe za akiba, kama mbegu ulizoacha kwenye kihenge. Wiki tatu, nne, msuli umerudi. Ndiyo maana kituliza kinapima uzito begani. Uzito ukitua, dawa inakatika, mbegu zinaota. Dawa isipokatika, mbegu nazo zinakufa, na pale panajaa mafuta na kovu. Hapo hata mimi siwezi kukudanganya. Haurudi."

"Kwa hiyo begani kwake kuna uzito saa ishirini?"

"Ndivyo kinavyosema. Anabeba nini huyo mama?"

Ndani Mbonea alianza kulia. Nakiete alichungulia dirishani. Navoneiwa aliinama, akamzoa mtoto kwa mkono wa kushoto, akamrusha mgongoni kwa ule mtindo ambao mama yeyote wa Upareni anaufanya hata akiwa usingizini, akapitisha kitenge juu ya mabega, akavuta, akafunga. Mtoto akanyamaza. Na chini ya ngozi ya Navoneiwa, kulia na kushoto, taa mbili za kijani zikawa njano.

Nakiete alishika nguzo ya baraza.

"Sista? Upo?"

"Anabeba mtoto," Nakiete alisema. "Akishusha mawe anabeba mtoto. Akipika, akilima, akimbembeleza. Amemfunga kutwa, na usiku meno yakimuuma anamfunga tena."

Lwitiko alisukuma sahani pembeni. "Fomu iliuliza kuhusu mizigo ya nyumbani."

"Iliuliza ndoo ya maji, kuni na gunia la mahindi. Haikuuliza mtoto."

"Na aliyeijaza hakuongeza."

Hapo alimpata. Nakiete alilea wanawe watatu mgongoni, akapika nao, akapiga deki nao, na alipokuwa anajaza zile fomu sitini na nne, nyingine huku mtoto wa mgonjwa akimvuta kalamu kutoka mgongoni kwa mamaye, haikumpitia kabisa kwamba anachokiona kina uzito wa kupimwa.

"Tutarekebisha programu," Lwitiko alisema kwa sauti ndogo. "Lakini lazima ikaguliwe. Siku kumi na mbili."

"Wa kushoto bado unaruka. Una muda gani?"

"Kwa kumbukumbu hizi? Siku, sista. Usihesabu wiki."

Nakiete alirudi ndani. Navoneiwa alikuwa amesimama, mtoto mgongoni, tayari kurudi machimboni. Ulimi wa Nakiete ulikuwa na maneno yote tayari, lakini aliwaza ukuta usiokwisha na mvua iliyo karibu.

"Nenda," alisema. "Nitakuja kukuona."

* * *

Walikuwa kumi na saba. Alipitia kumbukumbu za wote sitini na wanne, akapanga, na wale ambao vituliza vyao havikupumzika walikuwa kumi na saba kamili, kila mmoja akiwa na mtoto wa kubebwa. Hao wengine arobaini na saba walikuwa na saa zao kumi na sita, kumi na saba. Nakiete alipiga hesabu mara tatu akitumaini atakosea.

Alimkuta Elisamia Mshana juu ya ukuta, daftari mkononi. Elisamia alikuwa mwenyekiti wa maji, mtu wa miaka hamsini, mwenye mdomo ambao ungeweza kumfanya punda aone haya. Alikuwa anamkaripia fundi kwa kupanga jiwe kichwa chini.

"Jiwe lina kichwa?" fundi aliuliza.

"Lina kichwa kuliko wewe. Ligeuze." Akamwona Nakiete. "Sista! Umekuja kubeba au kukagua?"

Nakiete alimvuta pembeni akamwambia yote. Elisamia alisikiliza huku akitazama pengo la ukuta, ambalo bado lilikuwa na upana wa milango mitatu. Nyuma ya pengo hilo, mabonde yote ya juu yangeshusha maji. Mbele yake, chini kabisa, yalionekana mabati ya kitongoji cha Ntambwe, nyumba arobaini na moja. Moja ilikuwa ya mama yake Nakiete, aliyekwisha kuambiwa ahame na akajibu kwamba mihogo yake haina miguu.

"Utabiri unasema mvua Ijumaa," Elisamia alisema.

"Najua."

"Leo Jumatatu. Nikiwa na migongo sitini na minne, kesho jioni pengo linabaki mlango mmoja, na huo mmoja namaliza hata kwa kijiko. Nikiwa na arobaini na saba..." Akafunga daftari. "Na watakuwa arobaini na saba kweli? Hao kumi na saba wakianza kulia njiani, hao wengine wataendelea na kitu hicho shingoni? Wewe ungeendelea?"

"Elisamia, mikono yao inakufa."

"Nakiete, mwaka jana ukuta ulipobomoka nilimfukua mke wangu kwa mikono hii." Hakuinua sauti. "Watu tisa. Usiniambie kuhusu kufa kama vile mimi sijui."

Nakiete alikuwepo siku ile. Ni yeye aliyemwosha tope usoni yule marehemu kabla mumewe hajaitwa kumtambua, na tangu siku hiyo hakuwahi kumshinda Elisamia kwa maneno.

"Nipe leo na kesho," Elisamia alisema. "Jumatano asubuhi pembe nitaipiga mimi mwenyewe, na utasema utakachosema. Ukitaka sema ni mimi niliyekuzuia."

Siku moja na nusu. Nakiete aliona nyumba arobaini na moja, akaona bega linaloruka. Alijaribu kuvipima kimoja na kingine, akashindwa.

"Jumatano asubuhi," alisema. "Si mchana."

* * *

Jumanne alishinda njiani. Alijipa kazi ya kugawa maji ya kunywa, lakini macho yake yalikuwa kwenye shingo za watu. Kila mama aliyetua tenga ukutani alikwenda moja kwa moja kwenye kivuli ambapo bibi mmoja alikuwa anatunza watoto, akamnyonyesha wake, akamfunga, akarudi naye machimboni akiwa mgongoni, kwa kuwa safari ya kushuka tenga lilikuwa tupu na mtoto alihitaji mama; wakati wa kupanda, watoto wakubwa walimrudisha kivulini. Wakishuka njano. Wakipanda njano. Nakiete hakujua rangi moja inaweza kumchukiza mtu hivyo.

Alimshika Navoneiwa kwenye kona ya njia.

"Wifi, kwa siku mbili hizi mwache Mbonea kwa bibi yake. Usimfunge kabisa."

"Kwa nini?"

"Dawa. Inaweza... harufu yake inaweza kumsumbua mtoto."

Navoneiwa alimwangalia kama anavyoangaliwa muuza nyanya anayeficha zilizooza chini. "Dawa iko ndani ya ngozi. Harufu inatokea wapi?"

"Wewe mwache tu."

"Ana meno, wifi. Bibi yake hamtaki, uji hautaki, dunia yote haitaki. Anautaka mgongo wangu." Akacheka, akamrekebisha mtoto kwa kutikisa kiuno, kwa kuwa mikono haikumfikia. "Sema jambo la maana nikusikilize."

Nakiete alikuwa na jambo la maana. Alikuwa nacho pia mfukoni kidude cha kuzimia vituliza, chenye orodha ya majina, na jina la Navoneiwa lilikuwa la kwanza. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Lakini akizima sasa, maumivu ya wiki tano yatamrudia akipanda tena kwenye kona hii, tenga la kilo thelathini mgongoni, shimo kushoto. Anaweza kuanguka. Ulikuwa udhuru mzuri, na Nakiete aliushika kwa mikono miwili.

"Basi angalau usiku," alisema.

"Usiku tutaona," Navoneiwa alisema, akashuka.

Jioni pengo lilibaki na upana wa mlango mmoja na robo. Elisamia aliwapigia makofi wanawake wote, akawaita majembe ya chuma, akasema utani uliowafanya wakae chini kwa kicheko. Nakiete alikwenda nyumbani.

* * *

Pembe ililia Jumatano kabla jua halijapanda ukuta. Elisamia alitimiza neno lake, akasogea pembeni, na Nakiete akapanda juu ya rundo la mawe.

Aliwaambia. Hakupamba. Aliwaambia dawa inafanya nini, msuli huota vipi, kwa nini haujaota kwa wale wenye watoto. Aliwaambia fomu aliijaza yeye. Alisoma majina kumi na saba, na kila jina lilipotajwa mama mmoja aliinua mkono wake, au alijaribu, na wengine wakageuka kumtazama anavyojaribu.

Kisha Naetwe, mwanamke mrefu asiye na mtoto mdogo, akauliza, "Na sisi wengine?"

"Ninyi mnapumzika, nyuzi zinaota. Nimewapima kumi jana na wako salama. Lakini anayetaka nikizime, aje, nakizima sasa hivi."

Hapa ndipo Nakiete alipofunga macho akisubiri wakimbie wote. Alipoyafungua, waliosogea walikuwa kumi na wawili. Thelathini na watano walibaki pale walipokuwa, wakinong'onezana, kisha Naetwe akafunga mkanda wa tenga lake kiunoni.

"Pengo limebaki kiasi gani?" alimwuliza Elisamia.

"Mlango na robo."

"Na ninyi mnaohesabu mko wangapi?"

Elisamia alitazama huku na huku. Wahesabu, mafundi, wapanga mawe na waliokuja kutazama tu, wote wanaume, wote ishirini na mmoja, hawakuwa wamebeba jiwe hata moja kutoka machimboni tangu msaragambo uanze. Naetwe hakuhitaji kuongeza neno. Wakaanza kuvua mashati.

"Mimi mgongo wangu mbovu," Elisamia alisema.

"Mtoto havunji mgongo," Naetwe alijibu, na ndivyo mwenyekiti wa maji alivyojikuta na Mbonea mgongoni, amefungwa kwa kitenge cha maua, daftari mkononi, huku mtoto akimtafuna kola.

Watu walicheka, na Nakiete akasikia kicheko hicho kikimchoma. Angeweza kukisikia Jumatatu. Walichohofia yeye na Elisamia, kwamba wanawake wakijua watatupa matenga na kuacha bonde life, hakikutokea. Walihitaji kuambiwa tu.

Alivizima vituliza vya wale kumi na wawili, kisha vya wale kumi na saba, mmoja mmoja, akawakalisha hawa kumi na saba kwenye kivuli chini ya ukuta, wakasubiri.

Kusubiri maumivu ni kazi ya ajabu. Dawa huchukua saa kadhaa kutoka mwilini, na kwa saa hizo walikaa wamenyoosha miguu, wakitazama mistari ya watu ikipanda na mawe. Karibu na saa tano mama wa kwanza akashika bega, akasema "Mama yangu!" na machozi yakamtoka. Nakiete alimkimbilia, akambonyeza, akahisi msuli ukijikunja chini ya kidole.

"Inauma wapi?"

"Kote! Toa mkono!"

"Asante," Nakiete alisema, akimwambia nani hakujua. "Asante, asante."

Wakafuata wengine. Walilia, wakamlaani, wakalaani kampuni, wakashikana mikono. Naetwe alipopita na jiwe akasikia wanavyolia, akapiga kigelegele, na mstari mzima ukaitikia. Saa sita na nusu walikuwa kumi na sita wanaougulia. Alibaki mmoja.

Navoneiwa alikuwa mwisho wa mstari, mgongo wima, anawatazama wenzake kama mtu aliyekaa sherehe ambayo hakualikwa.

Nakiete alipiga magoti nyuma yake. Alibonyeza bega la kulia. Lilikuwa laini, kama unga uliokandwa ukaachwa.

"Hapa?"

"Hakuna."

Alibandika kipima misuli kushoto. Kidude kilitoa mlio wake mdogo. Bega halikuruka. Akakibandika chini kidogo, akaongeza umeme. Akajaribu tena. Akajiambia kipima kimelegea.

"Jaribu tena," Navoneiwa alisema.

Alijaribu tena.

"Jumatatu uliniambia wa kushoto unaruka. Nilishtuka mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ukaniambia nimwache mtoto, kwa sababu ya harufu." Navoneiwa hakugeuka. Alisema taratibu, kama anayehesabu mishono. "Ulijua lini, wifi?"

Juu yao jiwe lilipigwa nyundo likaingia mahali pake, na fundi akapiga kelele kwamba bado robo tatu ya mlango. Nakiete angeweza kumtaja Elisamia, ambaye alimpa ruhusa ya kumtaja. Angeweza kuitaja Ntambwe, na mama yake, na mihogo.

"Jumatatu," alisema. "Ulipokuwa unamfunga, mimi niko dirishani. Niliziona taa zikibadilika."

Navoneiwa aliitikia kwa kichwa. Hakulia, na Nakiete alitamani sana alie.

Elisamia alikuja akishuka ukuta, jasho limemlowesha, kitenge kimemshuka hadi kiunoni. Mbonea alimwona mama yake. Akalia kwa nguvu, akanyoosha mikono yote miwili. Navoneiwa alinyanyuka kumpokea, kama alivyofanya mara elfu. Mikono yake ikafika usawa wa kifua, ikagoma hapo hapo.

Mwenyekiti wa maji alimfungua mtoto mgongoni, akasimama naye mikononi.

"Mpe shangazi yake," Navoneiwa alimwambia. "Atambeba yeye."

Nakiete aligeuka, akainama. Uzito wa mtoto ukatua mgongoni, wa moto, unaorusha miguu. Elisamia alipitisha kitenge juu ya mabega yake lakini hakujua kufunga, na Navoneiwa, mikono ikiwa imening'inia pembeni, akasimama karibu na kumwelekeza: vuta hapo, pitisha huku, kaza.